Tupeane uzoefu: umewahi kulala kwenye monasteri? Naanza na Peramiho

Wakuu, habari zenu. Nilimpeleka mama hospitali ya Peramiho, kilomita kama 24 kutoka Songea mjini, nikalala nyumba ya wageni ya abasia, yaani monasteri ya pale. Kengele ikalia bado giza, nikaamua kwenda kanisani. Wamonaki wanaimba zaburi kwa zamu: upande huu ukimaliza mstari, ule unatulia kidogo ndipo unajibu. Kile kimya cha katikati bado kinanirudia hadi leo. Baada ya chai nikamkuta bruda mmoja niliyemwona kule kanisani yuko chini ya trekta, grisi hadi kwenye viwiko. Sala na kazi, nimeyaona kwa macho. Wenye uzoefu karibuni.

Mzawa wa Ruvuma: Mkuu, pole kwa kuuguza. Mimi nimezaliwa hospitali hiyohiyo. Wabenediktini, yaani hao wamonaki wa Kikatoliki, walifika Peramiho 1898, na kwenye Vita vya Maji Maji, 1905, misheni ikachomwa moto. Mwaka huo Askofu Cassian Spiss aliuawa akiwa safarini. 1906 Wajerumani wakawanyonga wazee wetu pale Songea. Bibi alitusimulia yote bila kuficha upande wowote, na kila nikiingia kanisa lile nawaombea wote.

Fundi Randa: Nimejifunza useremala pale. Bruda aliyetufundisha alikuwa anapitisha kidole gumba kwenye kiungio, macho kafumba. Akihisi mwanya, hata wa unywele, unafumua unaanza upya. Nilifumua kiti kimoja mara nne! Kiti hicho kiko sebuleni kwangu, hakijawahi kulegea.

Binti Masasi: Na Ndanda mfike jamani. Misheni ya 1906, iko chini ya mteremko wa Uwanda wa Makonde. Kiangazi huku kwetu vumbi tupu, lakini pale chemchemi zinatiririka kutoka mlimani, maji baridi mpaka meno yanauma. Tulikuwa tunapeleka ndoo tukitoka shule.

Umm Salma: Natamani sana kwenda, ila mimi ni Mwislamu. Nitapokelewa?

Mleta mada: Dada yangu, ondoa shaka. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 53, inaagiza kila mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe. Piga simu mapema uulize nafasi, vaa nguo ya heshima, na beba sweta. Mwezi wa sita na wa saba Peramiho baridi yake si ya mchezo.