Salio la akaunti: private au protected? (Java, C++, Kotlin, Python)

kodi_mwanza: Habari wakuu. Naandika mfumo wa SACCOS kwa Java. Klasi mama ni `Akaunti`, nayo inarithiwa na `AkauntiYaAkiba` na `AkauntiYaMkopo`. Salio niliweke `protected` ili watoto waliguse moja kwa moja, au `private` (liguswe ndani ya `Akaunti` tu) halafu wapitie methodi, yaani kazi zilizoandikwa ndani ya klasi? Njia ya kwanza ni fupi zaidi.

fundi_java: `private`, bila kusita. Wengi hudhani `protected` ya Java inawafungulia warithi peke yao, kumbe kila klasi iliyomo kwenye pakeji ileile (kundi la klasi zinazowekwa pamoja) inafika pia. Ukiwa na `Ripoti` humo, mtu anaandika `akaunti.salio = 0` na kompaila inapitisha. Toa `protected final void badilishaSalio(long senti)`, ukaguzi wote uwe humo. Hiyo `final` usiiache, la sivyo mtoto ataiandika upya na kuruka ukaguzi. (Na pesa usizihifadhi kwa `double`, aina ya namba za desimali zinazokadiriwa, tafadhali.)

zuhura_dev: Naunga mkono, ila kwenye mfumo wake mkopo huenda ukawa salio hasi, na ukaguzi wa "lisishuke chini ya sifuri" utamkwamisha. Kinachotofautiana ni kikomo tu, basi fungua hicho peke yake: `protected long kikomoChaChini()`. Mama anarudisha 0, mkopo unarudisha kiwango chake, na `badilishaSalio` inabaki `final` ikikiuliza kikomo hicho kila mara.

mzee_wa_cpp: Jambo hili lina historia. `protected` iliingia C++ kwenye toleo la 1.2, baada ya Mark Linton, aliyekuwa akijenga maktaba ya InterViews, kumsihi Stroustrup, muundaji wa C++, aiongeze. Miaka kama mitano baadaye Linton huyohuyo alipiga marufuku data za `protected` ndani ya InterViews, kwa kuwa zilikuwa chanzo cha hitilafu. Tazama vizuri: alizuia data. Methodi za `protected` hazina ubaya huo, maana mwenye klasi bado ndiye anayeamua kinachofanyika ndani yake.

Mkija C++, angalieni pia kwamba urithi wenyewe una kiwango cha ufikiaji. `class AkauntiYaAkiba : Akaunti` bila neno `public` (wazi kwa wote) ni urithi wa `private`, na mtu wa nje akiita `akiba.weka()` anakataliwa ingawa `weka` ni `public` kwa mama. Kwa `struct`, ndugu wa `class`, ni kinyume chake: usipotaja neno, urithi ni wa `public`.

kodi_mwanza: Asanteni sana. Na Kotlin? Kuna mpango wa kuhamia huko.

otieno_kt: Huko `protected` ni ya klasi na warithi wake tu, pakeji haihusiki. Na klasi hairithiwi mpaka uandike `open`. Kwa kazi ya pesa naipenda sana hiyo.

py_arusha: Python haina kufuli. `_salio` ni makubaliano ya heshima, na `__salio` hugeuzwa kuwa `_Akaunti__salio` ili isigongane na jina kama hilo kwa mtoto. Anayetaka kuifikia ataifikia.

kodi_mwanza: Swali la mwisho: majaribio yangu yanahitaji kuliona salio. Si nitalazimika kulifungua?

fundi_java: Hapana. Weka methodi ya kusoma tu, `public long salio()`. Klasi ya majaribio ikiwa kwenye pakeji ileile, hata `badilishaSalio` itaiita, na ukaguzi utafanyika vilevile.