Watoto wa Kikwajuni (kundi la familia, Zanzibar): Ijumaa usiku, Ngome Kongwe

19:22 Mama Mwanaidi: Assalam alaykum jamani. Bibi yuko wapi? Nimempelekea boko boko nakuta kufuli mlangoni.

19:24 Idi wa Dar: 🙈

19:25 Mama Mwanaidi: Idi usinifiche uso. Bibi yuko wapi?

19:31 Mwanaidi: Wa alaykum salaam Mama. Niko naye hapa Forodhani, anakula urojo. Na sikumvuta mtu mie. Tangu asubuhi ananipigia simu kuniuliza tamasha la Sauti za Busara tunakwenda saa ngapi.

19:32 Mwanaidi: [picha]

19:34 Mama Mwanaidi: Kavaa kanga zile mpya!

19:34 Idi wa Dar: Na manukato. Daladala zima lilinukia udi.

19:40 Ami Hamadi: Mnampeleka mama yangu Ngomeni usiku? Kwenye makelele yale?

19:41 Mwanaidi: Shikamoo Ami. Leo kuna taarab jukwaa kubwa, saa tatu. Njoo na wewe, tiketi bado zipo.

19:43 Ami Hamadi: Marahaba. Taarab ya dakika arobaini si taarab. Hiyo ni kuonja. Sie tulikuwa tukianza saa tatu tunafunga vyombo watu wanakwenda kusali alfajiri.

19:44 Ami Hamadi: Halafu nilipie kuingia Ngome ambayo nikiwa mtoto nikicheza mpira mlangoni pake!

19:46 Mwanaidi: Sie wenyeji tunalipa kidogo Ami, anayelipa kikweli ni mgeni. Na mchana lilikuwepo jukwaa la bure hapa Forodhani, hukuja vilevile.

19:47 Ami Hamadi: Jua kali.

19:52 Shangazi Zuwena Muscat: Assalam alaykum wapendwa. Huku nishasali Isha nimejilaza, naona simu inawaka tu. Hamadi mwache mama atembee! Tangu lini kwenda ngoma ikawa haramu nyumbani kwetu? Si wewe uliyekuwa ukirudi na kanuni, kile chombo chako cha nyuzi, kwapani jogoo anawika?

19:53 Idi wa Dar: Shangazi kaingia na moto 🔥

19:55 Ami Hamadi: Dada Zuwena mie sijasema haramu. Nasema tamasha lile ni la wageni. Sie tumewekwa pale kama mapambo.

20:01 Mwanaidi: Ami hilo mie sikubali. Limeanza 2004, mie mdogo, na Bi Kidude nilimwona mule mule Ngomeni, kwa macho yangu, si kwa kuhadithiwa. Na ule mwaka wa 2016 lilipokosa fedha lisifanyike, nani aliyelia? Wenye mabanda hapa Forodhani, mafundi mitambo, wapigaji wenyewe. Wageni walikwenda zao ufukweni.

20:03 Ami Hamadi: Bi Kidude angeimba hata juu ya gari la ng'ombe. Hakuhitaji tamasha.

20:04 Mwanaidi: Lakini aliimba.

20:12 Mama Mwanaidi: Mwanaidi, huko choo kiko karibu? Na kiti je? Bibi goti lile halikunjiki.

20:15 Mwanaidi: Tushaingia Mama. Kuna vingazi vya mawe upande wa pili, vile vya duara, nimemkalisha pale na mto. Pana bendi ya vijana wanapiga reggae. Bibi kasema besi inamtetemesha meno ya bandia.

20:16 Idi wa Dar: Mlangoni wametuvisha kitepe cha mkononi. Bibi kamuuliza yule dada kama kinafaa kutawadhia 😂

20:18 Shangazi Zuwena Muscat: Hahahaaa mama yangu mie. Ngome yenyewe waliijenga babu zetu wa huku Oman walipomtoa Mreno. Mwambieni apite bure.

20:58 Mwanaidi: Tumehamia jukwaa kubwa. Wanapanga vyombo. Fidla tatu, akodiani, udi, kanuni, dumbaki, besi ile ya kusimama. Wengi vijana, wamepitia chuo cha muziki. Wazee wawili tu.

20:59 Ami Hamadi: Kanuni nani?

21:00 Mwanaidi: Kijana. Simjui.

21:11 Idi wa Dar: Ba'mdogo, huyu jamaa wa kanuni anafanya nini? Dakika kumi anakaza tu kaufunguo kake. Watu wameanza kupiga miluzi.

21:13 Ami Hamadi: Waache wapige. Ana nyuzi zaidi ya sabini mle, kila sauti moja ina nyuzi tatu na zote tatu zitoke kama moja. Uzi mmoja ukilegea hasikii yeye peke yake, linasikia kundi zima.

21:14 Ami Hamadi: Mwanaidi nenda kaulize chombo kilikuwa wapi kabla ya kupanda jukwaani.

21:15 Mwanaidi: Ami, nikamuulize nani?

21:15 Ami Hamadi: Yeyote. Nenda.

21:21 Mwanaidi: Nimemuuliza mtoto anayebeba waya. Kasema vyombo vyote vilikuwa chumba cha ndani, chenye kiyoyozi.

21:22 Ami Hamadi: NILIJUA

21:23 Ami Hamadi: Sikiliza. Kanuni upande wa kulia imewambwa ngozi ya samaki, vipande vipande kama madirisha. Kile kijiti kirefu kinachobeba nyuzi kimesimama juu ya ngozi hiyo. Ndani ya kiyoyozi hewa kavu, ngozi inakaza. Ukiitoa nje hapo Ngomeni, bahari iko hatua chache, upepo wake unaleta unyevu, ngozi inalainika, kijiti kinazama, sauti zote zinashuka. Na hazishuki sawasawa. Chombo unakitoa nje saa nzima kabla, unakifunika kitambaa, kinazoea hewa.

21:24 Idi wa Dar: Ba'mdogo umeandika gazeti 👏

21:25 Ami Hamadi: Mie nalala sasa. Usiku mwema.

21:27 Mwanaidi: Wameanza!!! Bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno.

21:27 Ami Hamadi: Rekodi.

21:33 Mwanaidi: [ujumbe wa sauti 3:12]

21:38 Ami Hamadi: Fidla ya pili inachelewa kidogo kwenye kurejea. Akodiani mzuri huyo, ana pumzi. Kijana wa kanuni mkono wa kushoto anauogopa. Anapiga kama anaomba ruhusa.

21:39 Mama Mwanaidi: Si umelala shemeji?

21:46 Mwanaidi: Kapanda mwimbaji. Mama wa makamo, gauni la kijani linang'aa, mtandio mabegani. Bibi kasimama. Na goti lile lile.

21:47 Shangazi Zuwena Muscat: Ngoja ngoja. Ni ule wimbo wa arusi yangu? Ule alioimbiwa mama siku niliyotolewa ndani?

21:48 Mwanaidi: Ndio huo huo Shangazi. Bibi analia na kucheka.

21:48 Shangazi Zuwena Muscat: Mwanaidi nikopeshe elfu ishirini sasa hivi nitakurejeshea. Katunze kwa jina langu. Ukafanye noti ndogo ndogo!

21:49 Shangazi Zuwena Muscat: Na usiende mbio kama unakwenda kulipia umeme. Nenda kwa madaha. Noti juu, vidole viwili, moja moja. Mwimbaji akuone macho kwa macho. Pale anapofika kwenye ule mstari wa kumsema mwenzie ndipo unapoachia.

21:50 Mwanaidi: Bibi kasema anakwenda mwenyewe. Idi anavunja noti kwa muuza kahawa.

21:54 Idi wa Dar: Mlinzi katuzuia. Kuna uzio wa chuma mbele ya jukwaa, anasema haruhusiwi mtu kupita, ni utaratibu wa usalama.

21:54 Ami Hamadi: Usalama wa nani? Bibi wa miaka themanini atapindua nini?

21:55 Shangazi Zuwena Muscat: Mwambie taarab bila kutunza ni msiba! Mpe simu niseme naye!

21:57 Idi wa Dar: Hasikii Shangazi, tuko pembeni ya spika. Bibi kamshika mkono anamwita "mjukuu wangu". Jamaa kaanza kulegea.

21:59 Mwanaidi: MWIMBAJI KAMUONA. Kanyoosha mkono, kasimamisha na kundi kwenye kiitikio, wanazunguka hapo hapo wanamsubiri. Mlinzi kasogeza uzio mwenyewe.

22:00 Mwanaidi: Bibi anakwenda. Mama ungemuona. Bega la kulia, bega la kushoto, noti juu. Nyuma yake wameshafuata kina mama kama kumi. Wazungu wote wametoa simu.

22:00 Ami Hamadi: Unaona? Mapambo.

22:02 Mwanaidi: Ami wacha. Kuna Mzungu mmoja kijana keshajipanga foleni na noti yake, kaishika vidole viwili vilevile. Kajifunza kwa kumtazama Bibi.

22:03 Shangazi Zuwena Muscat: Video iko wapi?

22:06 Idi wa Dar: [video 1:40]

22:09 Shangazi Zuwena Muscat: Idi. Hii ni video ya mgongo wa mlinzi.

22:09 Mama Mwanaidi: Na kidole chako.

22:10 Idi wa Dar: Nilikuwa nacheza Shangazi, nisamehe 😅 Mkono mmoja simu, mkono mmoja kanga ya Bibi isianguke.

22:11 Ami Hamadi: Sauti lakini imetoka. Kanuni hapo amefunguka. Sikilizeni dakika ya kwanza na ushee, kundi linapozunguka kumsubiri mama, kijana anajaza peke yake. Hapo hakuandikiwa hicho. Hapo kapiga.

22:14 Mwanaidi: Hiyo ndiyo sababu napenda hapa Ami. Busara hawakubali mtu aweke CD atikise midomo. Ukija unapiga laivu au huji. Ikikosewa inakosewa mbele yetu.

22:16 Ami Hamadi: Hilo ni jambo jema. Nakubali hilo moja tu.

22:50 Mama Mwanaidi: Mmeshatoka?

22:53 Mwanaidi: Bado Mama. Wamepanda watu wa Réunion, kile kisiwa cha Wafaransa kule ng'ambo ya Madagaska. Wanapiga maloya, muziki wa kwao. Hakuna gitaa wala kinanda, ngoma na sauti tu. Ngoma moja kubwa kama pipa, mpigaji kaikalia juu. Na mwanamke ana kitu kama fremu bapa ya matete, ndani punje, anaitikisa kwa mikono miwili.

22:54 Mwanaidi: Bibi kasema hilo ni kayamba, kaliona Mombasa kwa Wagiriama. Nikamwambia Bibi hawa wametoka mbali. Kasema mbali wapi, na wao walipelekwa kwa jahazi na meli kutoka huku huku.

22:56 Shangazi Zuwena Muscat: Haki ya Mungu. Watumwa wa mashamba ya miwa wale.

22:58 Idi wa Dar: Mmoja anaimba, wengine wanamjibu, kisha wanaongeza kasi polepole mpaka unashangaa umefikaje hapo. Lugha siielewi hata neno. Nimelowa jasho.

23:20 Idi wa Dar: SASA NDO WATU WETU. SINGELI YA DAR 🔥🔥🔥

23:21 Ami Hamadi: Hiyo si kompyuta? Laivu gani hiyo?

23:24 Idi wa Dar: Wana mpiga dramu, Ba'mdogo! Na jamaa wa kinanda kidogo, kama vile vya mchiriku, vile Casio vya kuchezea watoto. Mpiga dramu keshavua shati. Ile kasi ya kompyuta anaifukuza kwa mikono. Tandale oyeee!

23:26 Mwanaidi: Nyimbo mbili za kwanza kaiweza. Ya tatu kakata moto katikati, MC akaendelea kuimba bila ngoma, uwanja mzima ukampigia makofi mpaka dramu ikarudi. Mie si mtu wa singeli lakini hapo nimepiga kelele.

23:27 Mama Mwanaidi: Na Bibi?

23:28 Mwanaidi: [picha]

23:29 Mama Mwanaidi: KALALA??

23:29 Mwanaidi: Kaegemea ukuta wa Ngome, kanga usoni. Spika hatua ishirini. Nimemgusa kuhakikisha, kaniambia "nisikilizishe ukimaliza".

23:31 Shangazi Zuwena Muscat: Hahahahaa wallahi nitakufa na mama yangu.

23:40 Ami Hamadi: Mwanaidi, yule kijana wa kanuni bado yupo hapo?

23:44 Mwanaidi: Yupo nje kwenye kahawa. Kwa nini Ami?

23:45 Ami Hamadi: Mwambie kuna mzee Kikwajuni ana nyuzi alizoletewa kutoka Cairo, hazitumii tena. Zimekaa kabatini tu. Aje Jumapili baada ya Alasiri. Na aje na chombo, nimuone mkono ule wa kushoto.

23:49 Mwanaidi: Nimemwambia. Kauliza jina lako, nilipolitaja kasimama. Anasema mwalimu wake aliwahi kukutaja.

23:50 Ami Hamadi: Alinitaja kwa lipi?

23:52 Mwanaidi: Kasema atakwambia mwenyewe Jumapili 😁

00:09 Mama Mwanaidi: Teksi?

00:12 Mwanaidi: Tumepata. Bibi kaamka mbichi kabisa, anamwelekeza dereva njia ya mkato. Idi kabaki, anasema mpaka wazime taa.

00:14 Shangazi Zuwena Muscat: Mungu awafikishe. Mwanaidi kesho asubuhi nakurejeshea elfu ishirini yako.

00:15 Mwanaidi: Kumi na tano Shangazi. Bibi katunza kumi na tano.

00:15 Shangazi Zuwena Muscat: Nilisema ishirini. Tano imekwenda wapi?

00:16 Mwanaidi: Aliyevunja noti ni Idi.

00:17 Idi wa Dar: _Ujumbe huu umefutwa_

00:17 Mama Mwanaidi: Nimeusoma. Eti mishkaki.