Fedha za wafanyakazi wahamiaji zisomwe mbele ya nani?

Hoja ya kufungulia mjadala

Ndugu zangu wa Kampala, Nakivale, Kyaka na kwingineko nchini Uganda, wengi wetu tumewahi kuitwa kwenye semina ya haki za wafanyakazi wahamiaji, tukatia sahihi katika karatasi ya mahudhurio, tukapewa soda na nauli, na baada ya hapo hatukusikia tena habari za fedha zilizotukutanisha. Ninasema hivi: shirika linaloomba ruzuku kwa jina la wafanyakazi hao linapaswa kuwasomea hesabu zake kila mwaka, kwa lugha wanayoielewa, na sehemu ya ruzuku hiyo iwafikie kupitia vikundi vyao wenyewe, kwa masharti ambayo vikundi hivyo vinaweza kuyatimiza.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na kwa hilo Uganda inasifiwa, tena kwa haki. Hata hivyo, ruhusa ya kazi haimlipi mtu mshahara. Mama Mkongo anayezungusha vitenge, kijana anayebeba saruji na kudhulumiwa ujira wa wiki nzima, na dada anayelala jikoni kwa mwajiri wake, hao ndio wanaotajwa katika kila andiko la mradi. Shirika hupeleka taarifa yake kwa mfadhili, na sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2016 inalitaka lipeleke nyingine serikalini. Aliyetajwa katika andiko hapelekewi chochote. Kule Marekani, shirika kubwa la hisani lililosamehewa kodi ya mapato hujaza kila mwaka fomu iitwayo 990, inayoonyesha mapato yake, malipo ya viongozi wake wa juu na ruzuku lilizogawa, na mtu yeyote anaweza kuiomba na kuisoma. Huku kwetu, mama wa vitenge aanzie wapi?

Niseme niliyoyaona. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha washonaji, wengi wao wazaliwa wa Kivu. Tuliomba ruzuku ndogo kwa shirika moja kubwa la utetezi, tukatakiwa kuleta hesabu za miaka mitatu zilizopitiwa na mkaguzi wa nje, sera ya manunuzi, na andiko la mradi kwa Kiingereza. Ada ya mkaguzi peke yake ingemeza ruzuku tuliyokuwa tukiiomba, kwa hiyo tuliacha. Kikundi hicho kilichoonekana hakina uwezo wa kutunza fedha kina kisanduku chenye kufuli tatu, funguo zake ziko kwa wanachama watatu wasioishi nyumba moja, na hakuna mkopo unaotolewa kabla ya fedha kumwagwa mezani na kuhesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Sisi tuliokulia katika likelemba, yaani mchango wa kupokezana fedha kwa zamu, tunajua kwamba asiyehesabu mbele ya wenzake hapewi zamu ya kushika fedha. Ni haki gani inayolipatia shirika nafasi ya kutudai uwazi ambao lenyewe halitupi?

Mwaka 2016, katika mkutano wa Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika ya kimataifa waliahidi kwamba ifikapo 2020 angalau robo ya fedha za misaada ya kibinadamu ziwe zinafika kwa mashirika ya wenyeji kwa njia fupi iwezekanavyo. Ahadi hiyo haikutimizwa. Karibuni mchangie.

Jibu kutoka kwa mhasibu

Ndugu mtoa hoja, nimefanya uhasibu katika mashirika ya aina hii, na sikubaliani nawe katika yote. Fedha nyingi za ruzuku huja na masharti: kiasi hiki ni cha wakili, kiasi hiki ni cha mafunzo, na hakihamishwi bila barua ya mfadhili. Kikundi kidogo nilichokipa fedha kikipoteza stakabadhi, mfadhili hukataa matumizi hayo na kulidai shirika langu lirudishe, ilhali sina fungu lingine la kulipia. Wengi hudhani kila shilingi inayobaki ofisini imeliwa. Katika kanuni za serikali ya Marekani, shirika ambalo halijakubaliana na mfadhili kiwango chake liliruhusiwa kudai asilimia 10 kwa gharama za uendeshaji, na kiwango hicho kilipanda hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. Humo ndimo mnamotoka pango, umeme na mshahara wangu. Akiba haijengeki kwa hesabu hiyo. Ndiyo maana, Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, ofisi zilifungwa ndani ya wiki chache.

Lipo na jambo zito zaidi. Mfuko wa DGF (Democratic Governance Facility), yaani mfuko wa utawala wa kidemokrasia, ulioanzishwa mwaka 2011 na wafadhili wa Ulaya ili kugawa ruzuku kwa mashirika ya hapa, ulisimamishwa kwa agizo la Rais mapema 2021, ukaruhusiwa tena mwaka uliofuata, na mwisho wa mwaka huohuo ukafungwa kabisa. Agosti 2021 mashirika 54 yalitangaziwa kusimamishwa. Katika mazingira hayo, unataka nibandike ukutani orodha ya vikundi vya wakimbizi vilivyopokea fedha kutoka nje?

Jibu kutoka kwa mfanyakazi wa nyumbani, Nsambya

Baba zangu, mimi sikuhitaji ruzuku ya kikundi. Nilipofukuzwa bila malipo, nilihitaji mtu wa kunifikisha kwa afisa kazi wa wilaya na kunitafsiria, maana sijui Kiluganda wala Kiingereza. Mkigawa fedha zote vipande vipande, nani atamlipa wakili shauri likifika Mahakama ya Kazi?

Mtoa hoja anajibu

Dada yangu, umenirekebisha, nami nakubali: fedha za wakili na mkalimani zibaki mahali pamoja, kwa sababu kikundi cha watu ishirini hakiwezi kulibeba shauri la miaka miwili. Ninachoomba ni kwamba wewe na wenzako muambiwe mwanzoni mwa mwaka ni mashauri mangapi ambayo fedha zilizopo zinaweza kuyabeba, na mwishoni mwambiwe ni mangapi yaliyobebwa.

Ndugu mhasibu, hofu yako kuhusu majina ni ya kweli, na sitaki mkimbizi yeyote aingizwe hatarini kwa ajili ya uwazi. Basi majina yafichwe, viwango visomwe: zimeingia kiasi gani, zimelipa mishahara kiasi gani, hoteli za semina kiasi gani, zimefika vikundini kiasi gani. Kuhusu stakabadhi, shirika linaweza kumtuma karani wake akae katika mkutano wa kikundi siku ya kuhesabu, ashuhudie kisanduku kikifunguliwa na daftari likisomwa, kisha anakili anachokiona. Je, mfadhili wako angekataa ushahidi wa namna hiyo, au hakuna aliyewahi kumwuliza?