Mrejesho: kioo cha OLED kilichokuwa kinabaki cheusi

Wakuu, nimerudi. Natengeneza kipimajoto, na niliuliza kwa nini kioo cha OLED (kioo kidogo cha kuonyesha maandishi) cha nukta 128x64 kinawaka vizuri kikiwa peke yake kwenye Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kuprogramu, ila nikiongeza kadi ya SD ya kuhifadhi vipimo kinabaki cheusi tii. Aliyesema niachane na nyaya nitazame RAM (kumbukumbu ya muda ya bodi) alipatia. Uno yangu ina baiti 2048 tu za RAM: picha ya kioo inakula 1024, maktaba ya SD (msimbo uliokwisha andikwa wa kuendesha kadi) 512, maandishi ya kwenye programu yangu yakamalizia. Nimehamia U8g2, maktaba ya kuchorea kwenye kioo, kwa ile hali ya kuchora kipande kwa kipande, yenye _1_ kwenye jina, inayotumia baiti 128. Maandishi nimeyafunga kwa F() ili yabaki kwenye kumbukumbu ya programu (flash), yasile RAM. Sasa joto linasomeka kwenye kioo na kadi inaandikwa. Kasi imepungua kidogo, lakini kwa kipimajoto si neno.