Nimeitwa mwenye danguro mbele ya wageni wangu, na leseni iko ukutani

Mama_Isamilo:

Wanajukwaa, naandika huku mikono ikinitetemeka. Yule bwana wa ukaguzi, ambaye kila mwenye chumba cha kulaza wageni katika jiji hili la Mwanza anamfahamu na ambaye kwa sababu hiyo sina haja ya kumtaja, ametoka nyumbani kwangu muda si mrefu. Amesimama katikati ya sebule, wageni wangu wakiwa mezani wanakunywa chai, akatazama mapazia, akatazama dari, kisha akatamka kwa sauti ambayo naamini imevuka maji ikasikika Kamanga: "Hii si nyumba ya wageni, hili ni danguro."

Danguro! Nyumba niliyolelea wanangu, iliyo na picha ya ubatizo wa mjukuu juu ya kabati. Na wageni wenyewe walikuwa nani? Mama mtu mzima kutoka Kahama, aliyeletwa na wanawe kwa ajili ya kliniki ya Bugando, ambaye alichagua kwangu kwa sababu nyumba ina jiko la kumpikia uji usio na chumvi. Kikombe cha uji kilikuwa kimeshafika mdomoni aliposikia neno lile. Alikirudisha mezani bila kunywa, akavuta kitenge chake mabegani, akamtazama mwanawe mkubwa. Mimi nilisimama na birika mkononi, sauti ikanikauka.

Sikatai kukaguliwa. Nataka hilo lieleweke kabla hajajitokeza mtu wa kuniambia kwamba naogopa sheria. Nina TIN, namba ya mlipakodi. Nina leseni ya biashara ya kundi B, ile inayotolewa na halmashauri, ambayo niliiomba mwenyewe kwenye TAUSI, mfumo wa halmashauri wa mtandaoni, nikapata namba ya malipo, nikalipa, nikaichapisha na kuitia kwenye fremu, na fremu hiyo iko ukutani pale mtu anapoingilia. Nina cheti cha Zimamoto kwa mwaka huu na mtungi wa kuzimia moto ulio karibu na mlango wa jiko. Nina kitabu cha wageni chenye jina, kabila, anakotoka, anakokwenda, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia na sahihi, na askari akija kukitazama, namwekea kiti. Natoa risiti za EFD, mashine ya kodi. Nalipa ushuru wa huduma. Aliponiuliza kwa nini sitozi VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18, nilimjibu kwa heshima kwamba tangu mwaka 2023 anayelazimika kusajiliwa ni mwenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni 200 kwa mwaka, na kwamba mimi nikiuza vitanda vyangu pamoja na mbwa na bati la nyumba sifiki huko.

Nadhani jibu hilo ndilo lililomchoma. Aliiendea fremu, akaanza kugonga kioo kwa kalamu, tik, tik, tik, akasema leseni hii ni ya gesti, na gesti huwa na mapokezi, na mimi sina mapokezi. Nikamwomba anionyeshe kifungu. Hakukionyesha. Aligeukia meza ya chai na kutoa lile neno.

Sheria ya Leseni za Biashara ni ya mwaka 1972. Imefanyiwa marekebisho mengi, lakini mtu anayepangisha nyumba yake nzima kwa usiku tatu, kwa mgeni aliyemwona kwenye simu, bado anazungushwa kati ya meza na meza. Afisa mmoja aliwahi kuniambia kwamba mimi ni mpangishaji wa makazi tu, kwa hiyo linalonihusu ni kodi ya zuio, ile inayokatwa na anayelipa, ya asilimia 10 kwenye pango. Aliyefuata alisema mimi ni sawa na hoteli na nitafute leseni ya wizara chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Wa baada yake alisema ni gesti, nikafanya alivyosema, nikalipa. Sasa huyu anakuja na kundi lake jipya ambalo halimo katika sheria yoyote niliyowahi kusoma, na analitangaza mbele ya mgonjwa.

Angesema "mama, leseni yako ina kasoro", ningetoa kalamu nikaandika. Angenipa notisi, ningeipokea kwa mikono miwili. Amesema danguro, mbele ya mama mwenye umri wa kumzaa yeye, uji ukiwa mdomoni. Naomba mniambie, mtu wa namna hii anashtakiwa wapi?

Ngosha_Mkolani:

Pole sana, mama. Huyo bwana tunamfahamu sote, hata asingevaa ile kofia. Kwa dada yangu kule Nyasaka alifungua friji, akahesabu mayai, akauliza kama mayai hayo yana kibali cha afya. Alipoambiwa kwamba ni ya watoto wa nyumbani, akataka kuwaona watoto. Walipoletwa, akauliza kwa nini hawako shuleni, na ilikuwa Jumapili.

Bibi_Mapazia:

Kwangu alilala kitandani na viatu ili apime godoro. Sisemi mengi.

Sato_wa_Kuchoma:

Nimesoma andiko lote hadi mwisho na sijaona mahali mama anapotueleza kama nje kuna kibao. Biashara isiyo na kibao, ambayo geti lake linafunguliwa usiku wa manane kwa watu wenye mabegi, majirani wataifikiria nini? Huyo bwana ametamka kwa sauti yale ambayo mtaa mzima unanong'ona. Halafu unapohesabu cheti cha Zimamoto na mtungi wa moto kana kwamba umeshinda medali, kumbuka kwamba hayo ni ya lazima kwa kila mtu.

Mama_Isamilo:

Sato, kibao kipo, kimeandikwa kwa rangi ya bluu, na wanaokuja usiku wa manane ni watu wanaoteremka kwenye mabasi ya Nyegezi baada ya kusafiri kutwa nzima. Ulitaka walale stendi? Nimesema mwanzo kwamba shauri langu si cheti. Shauri langu ni kwamba mtu mwenye kitambulisho cha serikali kifuani alisimama kwenye zulia langu akaita nyumba yangu danguro, na kwamba mgeni wangu aliacha uji wake. Mwanawe aliniuliza baadaye, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, kama kuna mahali pengine karibu na Bugando ninapopafahamu. Nimewaelekeza mwenyewe. Nimewabebea begi hadi kwenye bajaji.

Mpangaji_Pasiansi:

Mimi nitasema jambo ambalo halitapendwa. Mwenye nyumba wangu wa zamani, kule Capri Point, alinitoa na familia yangu mwezi ambao mkataba uliisha, akapaka rangi, akaweka televisheni kubwa na mito mingi, na sasa anapangisha kwa usiku kupitia tovuti ya Airbnb. Kiasi nilichokuwa nikimlipa kwa mwezi, yeye anakikusanya kwa siku chache. Hakuna aliyemkagua. Ninyi mnalalamika kwamba ukaguzi ni mkali, mimi nalalamika kwamba haupo. Mama wa Isamilo labda ni mkweli, lakini kwa kila mmoja mwenye leseni kwenye fremu, wako wengi ambao leseni yao ni nenosiri la Wi-Fi.

Ngosha_Mkolani:

Na wanatangaza bei kwa dola, ilhali kanuni za Machi 2025 zimekataza kutangaza au kulipisha kwa fedha za kigeni hapa nchini. Hao hawafikiwi. Anafikiwa mama mwenye birika.

Gesti_ya_Kivukoni:

Ninyi wenye mito na Wi-Fi angalau mna wageni wa kutukanwa mbele yao. Mimi nina gesti upande wa Kigongo tangu enzi za kivuko. Nilikata leseni kila mwaka, nikapeleka wahudumu wapimwe afya, nikaandika kitabu cha wageni hadi mkono ukafa ganzi. Biashara yangu ilikuwa watu wa Sengerema na Geita waliochelewa kivuko cha mwisho. Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita 3 za lami juu ya maji, na mtu anavuka kwa dakika chache saa yoyote ya usiku. Nalifurahia daraja kama Mtanzania. Lakini nilipoomba ada yangu itazamwe upya kwa sababu vyumba viko tupu, niliambiwa kwamba leseni hailipiwi kwa idadi ya wageni. Sawa. Basi mbona huyo mama anasumbuliwa kwa idadi ya wageni?

Sato_wa_Kuchoma:

Hakusumbuliwa kwa idadi ya wageni. Amesumbuliwa kwa kukosa mapokezi.

Gesti_ya_Kivukoni:

Mimi nina mapokezi yenye kaunta ya mninga, na hakuna wa kumpokea.

Mita_Sitini:

Naomba kumuuliza mleta mada swali moja la kisheria. Nyumba yake iko umbali gani kutoka ziwani? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za ziwa au mto. Nyumba nyingi za wageni zinazojisifu kwa "mandhari ya ziwa" hapa Mwanza ziko ndani ya mita hizo. Hapo leseni ya kundi B haikusaidii hata ukiitia kwenye fremu ya dhahabu.

Mama_Isamilo:

Isamilo ni mlimani, ndugu yangu. Ziwa nalitazama kwa mbali, katikati ya mawe na mapaa ya watu. Ili maji yanifikie, itabidi kwanza yameze mji wote pamoja na ofisi ya huyo bwana. Naomba turudi kwenye suala la danguro.

Nyavu_za_Luchelele:

Mita_Sitini umegusa kidonda. Marehemu baba alijenga akiwa mbali na maji, watu wa ardhi walikuja, wakapima, wakaridhika. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda, mawimbi yalifika kwenye choo cha nje. Walipokuja wengine kupima, walianzia pale maji yalipokuwa yamesimama siku hiyo, wakatupigia alama ya X nyekundu ukutani. Nyumba haijasogea hata inchi moja, ziwa ndilo lililosogea, lakini anayeambiwa ahame ni sisi. Nilipouliza kama ziwa limepewa notisi ya kurudi lilikotoka, niliambiwa nina kiburi.

Mita_Sitini:

Kipimo hakitakiwi kufuata wimbi la siku, kinafuata kingo. Ungekata rufaa.

Nyavu_za_Luchelele:

Rufaa kwa nani? Kwa yuleyule aliyeshika brashi ya rangi nyekundu?

Bibi_Mapazia:

Huyo mwenye brashi naye tunamfahamu.

Mama_Isamilo:

Jamani, mama wa watu aliacha uji mezani. Kikombe bado kiko pale, sijakiosha. Niliuliza mtu huyu anashtakiwa wapi, na hadi sasa sijajibiwa.

Ngosha_Mkolani:

Mama, andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa diwani wako, na watoto wa yule mgonjwa waandike maelezo yao wakiwa mashahidi. Usiende kwa mdomo. Kwa mdomo utaambiwa yuko kwenye kikao.

Mpangaji_Pasiansi:

Na ukishamaliza barua hiyo, wenye nyumba mtusaidie na ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme tangu mwaka 2021, sasa shilingi 1,500 kila mwezi, na anayenunua umeme ni mimi mpangaji. Jengo si langu. Nilipomwomba mwenye nyumba anirudishie kwenye pango, alinitazama kama mwizi.

Gesti_ya_Kivukoni:

Wewe unalia kwa 1,500? Mimi nina mita kila upande wa jengo moja, na zote zinakatwa. Nimepeleka barua ya kuomba zibaki kwenye mita moja, nikaambiwa nisubiri. Nimesubiri hadi barua imepata vumbi.

Sato_wa_Kuchoma:

Kwa nini jengo moja lina mita nyingi kama biashara imekufa?

Gesti_ya_Kivukoni:

Mita ziliwekwa wakati wa kivuko! Kila upande ulikuwa na wageni wake, na wahudumu walikuwa wanagombana nani amemaliza umeme wa nani.

Mpangaji_Pasiansi:

Shilingi 1,500 ni ndogo kwa mwenye jengo. Kwa asiye na jengo ni dhuluma, hata ingekuwa shilingi 5. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, jina lenyewe limeshasema. Nyavu za Luchelele, je, na wewe uliyepigwa X nyekundu, LUKU yako inakatwa?

Nyavu_za_Luchelele:

Inakatwa kila mwezi, bila kuruka hata mmoja. Nyumba ambayo wanasema haitakiwi kuwepo, wanapokea kodi yake.

Mita_Sitini:

Kodi ya jengo haihalalishi jengo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na nitayaeleza kesho kwa vifungu.

Nyavu_za_Luchelele:

Usisubiri kesho, mkuu. Yaeleze sasa hivi, maana umeme wenyewe unakaribia kuisha na nikinunua mwingine watanikata tena.