Mama mkwe anamfunga mwanangu kwa kanga nikienda kwenye biashara. Nianzie wapi?

Mama Alfajiri:
Wakuu, habari za jioni. Nimezunguka na hili jambo wiki nzima, leo nimeona niliweke hapa.

Nina mtoto wa kiume wa miaka saba, ana mtindio wa ubongo. Hakai bila kuegemezwa, hasemi, ila anaelewa sana. Ukitaja uji tu anacheka. Ana kifafa pia, anatumia vidonge asubuhi na usiku. Mimi nauza chapati na supu, natoka saa kumi alfajiri narudi saa saba mchana. Baba yake ni dereva wa lori, anaweza kumaliza wiki mbili barabarani. Mtoto anabaki na mama mkwe, tunaishi naye hapa Mbagala.

Jumanne mvua ilinyesha, nikafunga mapema. Naingia ndani, mtoto yuko chini kwenye mkeka, mguu wa kulia umefungwa kwa kipande cha kanga kwenye tendegu la kitanda. Kimezungushwa mara tatu, fundo limelowa mkojo. Kifundo cha mguu kina alama nyeusi, na si ya siku ile. Ndipo nikajua kwa nini nikimwogesha huwa anauvuta mguu huo. Mimi nilidhani ni misuli inakaza tu.

Mama hakukataa. Alinijibu, "Ulitaka aungue?" Ni kweli mwezi wa pili alibingirika hadi karibu na jiko la mkaa, na mama mwenyewe ana magoti, kumnyanyua hawezi.

Sasa nikienda ustawi wa jamii, si watanipokonya mtoto? Mume kwenye simu anasema nisimwaibishe mama yake.

Kisiki:
Hapo mbona hakuna kesi? Bibi wa watu amezuia moto. Acha chapati ulee mwanao.

Dada wa Tandika:
Kisiki, na kodi utalipa wewe? Huyo mtoto ana baba, sijaona ukimwambia baba aache lori.

Mama Pacha:
Pole sana mdogo wangu. Nina binti wa hali hiyohiyo, sasa ana miaka kumi na mbili. Kitu kilichoniokoa ni kiti cha kona. Fundi seremala anakitengeneza: kina mgongo mrefu, mbavu mbili, meza mbele na mkanda wa nyonga. Usije ukaona mkanda huo ni sawa na ile kanga. Kwenye kiti amekaa wima, anaona watu, na unambadilisha mkao mara kwa mara. Kanga mguuni inakata damu, na degedege likimkuta hapo anaweza kuteguka. Ila kabla ya kumlipa fundi, peleka mtoto kwa mtaalamu wa mazoezi tiba ampime. Hospitali ya CCBRT pale Msasani wana huduma ya watoto.

Jingine, muulize bibi anamlishaje. Wangu mlo mmoja unachukua dakika arobaini. Mtu aliyechoka anamlaza chali na kummiminia uji, nao unaingia kwenye mapafu.

Nesi wa Zamu:
Mimi naomba ufanye jambo moja usiku huu. Hesabu vidonge. Angalia tarehe uliyopewa, piga hesabu vilivyotakiwa kubaki, linganisha. Simtuhumu mtu, ila nimeona walezi wanaongeza dozi ili mtoto alale wapate kupumua. Ukikuta vimepungua usimwachishe dawa ghafla kwa hasira, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu. Nenda kliniki na pakiti yako.

Ustawi Mstaafu:
Nimefanya kazi ustawi wa jamii, hofu yako naijua. Ndiyo inayofanya watoto wafichwe ndani. Ukija mwenyewe, afisa anayejua kazi yake anaanza kutafuta namna mtoto abaki nyumbani akiwa salama. Kumweka mtoto chini ya uangalizi wa mtu mwingine kwa muda mrefu ni suala la mahakama, afisa hajiamulii tu. Tena Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aipeleke serikali ya mtaa. Jirani akikutangulia, utaenda pale kujieleza badala ya kuomba msaada.

Anzia kwa mtendaji wa mtaa, au piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Kisha mchana, kwenye mwanga, mvue nguo zote umkague: mgongo, mapaja na, ashakum, sehemu za siri. Asiyesema hatakuja kukuambia, na walio na tabia mbaya wanalijua hilo. Ukikuta jeraha usilolielewa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, wakupe PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, daktari aandike. Usimwogeshe kwanza.

Kisiki:
Hapo kwenye vidonge sikufikiria. Samahani dada.

Mama Alfajiri:
MREJESHO. Vilitakiwa kubaki ishirini na viwili, nimekuta kumi na vinne. Mama amekiri, anampa kimoja cha ziada asubuhi "apumzike". Nililia, halafu nikakumbuka nilivyokuwa nikimsifu mtoto kwamba siku hizi hasumbui.

Mwilini sikukuta kingine. Kliniki wamempima, dozi imebaki ileile na nimeambiwa nimpe mwenyewe, kwa hiyo vidonge natembea navyo kwenye kibeti cha chenji. Afisa ustawi alikuja Ijumaa. Alikaa mkekani na mama, swali la kwanza akamuuliza magoti yana muda gani. Mama aliongea naye saa nzima. Wamekubaliana jiko lihamie nje, na binti wa jirani aje asubuhi kusaidia kunyanyua na kulisha, nitamlipa kidogo. Afisa atarudi mwisho wa mwezi kukagua.

Mume hapokei simu tangu Alhamisi.

Mtoto jana nikimwogesha bado aliuvuta mguu.

Mama Pacha, mtaalamu ameshampima na kunichorea kiti. Fundi wa Rangi Tatu anataka elfu sabini, mbao za kwake. Si amenipiga huyu?