Saa 9 usiku macho kodo mpaka kunakucha, natibiwa sonona, naombeni ushauri

Sauti_ya_Chini (mleta mada)

Wakuu heshima kwenu. Naombeni mawazo yenu maana mi nimeshaishiwa mbinu.

Ni mwanaume wa miaka 36, nina mke na mtoto mmoja. Nilihangaika karibu nusu mwaka bila kujua kinachonisumbua, mwisho nikaenda hospitali nikaambiwa nina sonona (depression), nikaanzishiwa dawa yake inaitwa fluoxetine kidonge kimoja kwa siku na leo niko wiki ya 5. Nisiwe mwongo, dawa imenisaidia. Ile hali ya kukaa ukingoni mwa kitanda soksi moja mguuni nyingine mkononi nusu saa nzima nashindwa kuvaa imepungua sana, chakula naanza kusikia ladha yake, mwanangu akinisimulia mambo yake ya shule namsikiliza mpaka mwisho. Ila usingizi ndo umegoma.

Iko hivi. Saa 4 usiku nakuwa nimechoka hoi, nikijitupa tu nalala. Ikifika saa 9 au 9 na nusu, macho kodo, kama kuna mtu kaniamsha. Hakuna kelele, mkojo haujanibana, wala sijaota vibaya. Na hapo ndo basi tena. Nageuza mto upande wa baridi, naelekea ukutani, nalala chali, nachungulia simu ni saa 9 na dakika 40, napiga hesabu nikilala sasa hivi nitapata masaa mawili, nachungulia tena saa 10 na robo, napiga hesabu upya, na kila nikipiga hesabu moyo unazidi kwenda mbio. Na mawazo ya muda ule sio ya mchana jamani. Deni dogo ambalo mchana hata silikumbuki linakuwa mlima, neno nililomjibu baba vibaya miaka 12 iliyopita, na baba mwenyewe ni marehemu, linarudi kama nimelitamka jana.

Kinachoniuma zaidi ni mke wangu. Mwanzoni alikuwa akishtuka ananiuliza "bado hujalala?" Nikaona namchosha bure na yeye anawahi kazini, nikaanza kujikausha. Nimefika mahali pa kupumua kama mtu aliyelala, navuta taratibu naachia taratibu, namfuatisha yeye anavyopumua ili asijue niko macho. Huu mwezi wa pili nafanya hivyo kila usiku.

Nimejaribu kuwahi kulala saa 3 ili nifidie, ndo kwanza naamka saa 8. Wikiendi najilaza mchana masaa mawili matatu. Jamaa yangu wa kazini kanipa vidonge vya diazepam, vile vya kutuliza na kuleta usingizi, anasema yeye vilimtoa, viko kwenye droo sijavigusa. Je nivinywe? Au sonona ikipona usingizi unarudi wenyewe? Aliyepitia hii anisaidie.

Ua_la_Jioni

Pole sana kaka yangu. Hapo kwenye kupumua kama uliyelala nimesoma mara mbili, maana na mimi nilimfanyia mama hivohivo kipindi tunalala chumba kimoja.

Mi nakushauri kitu kimoja tu, toka kitandani. Najua utaona huyu ananiambia nini, usiku wa manane na uchovu wote huu nitoke niende wapi, hata mimi nilimbishia sana mshauri wangu. Lakini mimi nilifika mahali nasinzia sebuleni kwenye kochi vizuri kabisa, nikihamia kitandani tu usingizi unakimbia, yaani mwili ulishajua kitanda ni mahali pa kuteseka. Kwahiyo nikaambiwa ukiona umekaa macho kama dakika 20, na hizo dakika unakisia kichwani huangalii saa, unaondoka. Mi niliweka kiti karibu na dirisha, shuka la kujifunika, taa ndogo ya mwanga hafifu, na sweta moja la zamani nilikuwa nalifumua uzi naukunja donge. Hamna simu hamna tivii. Nikisikia kope zinakuwa nzito narudi, nisipolala natoka tena. Usiku wa kwanza nilitoka mara 4 nikalia kwenye kile kiti. Wiki ya kwanza ni ngumu sikufichi, ya pili pia. Sweta niliimaliza yote, ndo nikaanza kulala.

Kamba_Mbili

Mkuu mbona unajitesa, tafuta vile vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi kunywa kimoja saa 4, au piga glasi mbili za kitu kikali utalala kama mtoto. Mi nafanya hivyo mwaka sasa.

Zamu_ya_Usiku

Habari, mimi ni nesi, nimefanya kazi wodi ya afya ya akili miaka mingi. Naomba nianze na ndugu yangu Kamba_Mbili kwa heshima zote. Vidonge vya mafua mwili unavizoea ndani ya siku chache tu, baada ya hapo unabaki na mdomo mkavu na kichwa kizito asubuhi. Pombe inakulaza haraka kweli, ila ikishaanza kuisha mwilini inakatakata usingizi wa nusu ya pili ya usiku, na huyu mwenzetu shida yake ni hiyo hiyo nusu ya pili. Halafu sonona na pombe haviendi pamoja kabisa. Na naomba hili lisomwe vizuri, pombe na diazepam kwa pamoja vinaweza kumzuia mtu kupumua. Watu wamekufa hivyo.

Mleta mada, diazepam za jamaa yako usinywe. Sio kwamba ni dawa mbaya, daktari anaweza kukupa kwa siku chache akiona sababu, ila zikizidi wiki 2 mpaka 4 mwili unaanza kuzitegemea na kuziacha inakuwa kazi nyingine.

Kuamka saa 9 na kukosa usingizi tena ni moja ya dalili zinazojulikana kabisa za sonona, sio kwamba wewe una kitu cha ajabu. Usingizi mzito mwingi tunaupata theluthi ya kwanza ya usiku, kwahiyo ukiamka saa 9 ujue ule mzito mwili umeshapata sehemu kubwa, uliobaki ndo ule mwepesi wenye ndoto nyingi. Nakwambia hivi ili ukiamka usione kwamba usiku wote umeenda bure. Na yale mawazo yanayokuja saa ile, kwa mtu mwenye sonona alfajiri ndo muda wa giza zaidi wa siku nzima. Usiamue kitu chochote saa 9 usiku. Kama ni jambo la kweli litakuwepo saa 4 asubuhi, mtaongea nalo mkiwa mmekaa.

Sasa naomba unijibu haya. Hiyo fluoxetine unakunywa saa ngapi? Chai au kahawa unaacha saa ngapi? Unakoroma, kuna mtu amewahi kukuambia unasitisha pumzi usingizini? Umewahi kupita kipindi unalala masaa matatu na bado una nguvu tele, maneno mengi, unatumia hela hovyo? Na la mwisho nakuuliza wazi kwasababu kuuliza hakumpandikizii mtu wazo: unawaza kujiua?

Sauti_ya_Chini

Asanteni sana, dada Ua la Jioni nimekusoma mara nyingi.

Nesi, dawa nakunywa saa 3 usiku baada ya kula, hakuna aliyeniambia muda, nilijichagulia tu. Kahawa ni vikombe 3 au 4, cha mwisho saa 11 jioni maana bila hicho sifiki nyumbani salama. Kukoroma sijui, nitauliza. Hicho kipindi cha nguvu nyingi sijawahi.

Hilo la mwisho. Kupanga sijapanga. Ila kuna usiku nawaza ningelala nisiamke tu ingekuwa afadhali, sijawahi kumwambia mtu, hapa ndo mara ya kwanza kuliandika.

Zamu_ya_Usiku

Asante kwa kulisema, na nimeshukuru umelisema. Kaka hilo daktari wako lazima alijue, usisubiri siku ya kliniki, piga simu kesho asubuhi au nenda. Mke wako naye ajue. Zile diazepam mpe yeye azirudishe au zikatupwe kwenye duka la dawa, zisikae kwenye droo yako. Na hizo fluoxetine nazo azitunze yeye akupe za siku chache chache. Siku ile hali ya kutamani usiamke ikigeuka kuwa mpango, hata kama ni usiku wa manane, unamwamsha mke mnaenda kitengo cha dharura usiku huohuo, na haukai peke yako hata dakika.

Kuhusu muda, fluoxetine kwa wengi inachangamsha ndo maana mara nyingi inapewa asubuhi. Muulize daktari kama uhamishe, usijibadilishie mwenyewe na usiache ghafla. Kahawa masaa 5 baada ya kuinywa karibu nusu yake bado iko mwilini, kwahiyo kikombe cha saa 11 jioni unalala nacho. Weka mwisho saa 6 mchana, punguza kidogo kidogo usije ukaumwa kichwa.

Chumba_Kimoja

Naongezea kwa wanaosema toka kitandani. Sisi wengine hatuna sebule, nikiwasha taa nawaamsha wote. Nilichofanya nakaa kwenye mkeka upande wa miguuni, mgongo ukutani, uso umeelekea mlangoni sio kwenye mto wa kulalia. Ikawa ndo "kutoka" kwangu. Ilifanya kazi. Na simu iwe mbali na mkono, saa ya ukutani igeuzwe.

Mzee_wa_Daftari

Kijana wangu, nami nilipita hapo nikiwa na miaka 51, nikapelekwa kwa mwanasaikolojia anayefanya ile tiba wanaiita CBT-I, ni tiba ya usingizi isiyo ya vidonge. Nilidhani ni maneno ya faraja tu, kumbe ni kazi ya mikono. Hii ya kutoka kitandani anayoisema binti hapo juu sio mpya, mwanasaikolojia mmoja Mmarekani, Richard Bootzin, aliiandika mwaka 1972. Na mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani Marekani kilitoa mwongozo kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanze na CBT-I kabla ya vidonge.

Ngoja nikueleze kosa lako, nami nililifanya. Unalala saa 3 ili ufidie. Mtu anayepata usingizi wa masaa 5 na nusu akijilaza kitandani masaa 9, hayo matatu na nusu yanayobaki atayajaza na nini kama sio mawazo? Na ule usingizi wa mchana unakula njaa ya usingizi wa usiku. Mimi niliandika daftari wiki 2, nimelala saa ngapi, nimeamka saa ngapi, kwa kukisia tu. Ikatoka wastani masaa 5 na dakika 40. Nikaambiwa basi kitandani utakaa masaa 6, unaingia saa 6 usiku unatoka saa 12 asubuhi, umelala hujalala, jumatatu au jumapili, na ukitoka unaenda kwenye mwanga wa jua. Kusubiri mpaka saa 6 ilikuwa adhabu, nilikuwa nasimama nafua vitambaa ili nisisinzie. Lakini usingizi ukaungana ukawa kipande kimoja. Nikifikisha 85% ya muda wa kitandani nimelala, naongezewa dakika 15. Mpaka nikafika masaa 7.

Ila usiifanye kichwa kichwa. Muda wa kitandani usishuke chini ya masaa 5, na mwenye kifafa au mwenye hali za kupanda na kushuka kwa hisia asiijaribu bila mtaalamu maana kukosa usingizi kunaweza kumlipua. Dereva wa magari makubwa pia. Wewe una sonona, mwambie daktari kwanza.

Swali lako la sonona ikipona usingizi unarudi, wengine unarudi. Wangu haukurudi. Sonona iliuanzisha, ila kilichouendeleza ni mazoea niliyoyajenga mwenyewe nikiutafuta usingizi kwa nguvu.

Sauti_ya_Chini

Nimerudi wakuu, ni wiki 3 sasa, samahanini kwa ukimya.

Usiku uleule baada ya kuandika hapa niliamka saa 9 kama kawaida. Nikaanza kupumua ile pumzi yangu. Nikaacha. Nikamgusa mke wangu bega nikamwambia siko usingizini, nimekuwa nakudanganya. Akakaa kimya kidogo, akasema najua, mtu aliyelala hapumui vizuri hivyo. Kumbe na yeye alikuwa anajikausha ili nisijue amejua. Tukaenda kukaa jikoni gizani, nikamwambia yote, na lile la kutamani nisiamke. Alilia. Asubuhi aliomba ruhusa kazini akanisindikiza hospitali.

Dawa imehamia asubuhi. Daktari ameniuliza mengi kuhusu lile, ananiona kila wiki kwa sasa, dawa zote zinakaa kwenye pochi ya mke wangu na diazepam zimerudishwa. Kukoroma anasema sikoromi. Kahawa nimebaki na viwili, cha mwisho kabla ya saa 6, siku 4 za mwanzo kichwa kiligonga sana.

Mzee, daftari ninalo. Wiki ya kwanza wastani masaa 5 na robo, hii ya tatu umeongezeka kidogo. Naingia kitandani saa 5 na nusu, natoka saa 11 na nusu, daktari ameridhia. Kuamka saa 9 bado naamka, wiki hii mara 4. Natoka nakaa kwenye kiti cha jikoni na radio mbovu ya baba niliyoirithi, nafungua skrubu nasafisha vumbi nafunga. Lile neno nililomjibu linakuja bado, linakaa, ila linaondoka.

Juzi jumanne alamu ililia nikashtuka nikawa najiuliza hii ni sauti ya nini, maana miezi mingi inanikuta macho naizima kabla haijalia. Mke wangu akanyoosha mkono akaizima yeye.

Nesi nakuuliza, hiyo jumanne ilikuwa moja tu, jana saa 9 nikaamka tena nikakata tamaa kidogo. Ni kawaida?

Zamu_ya_Usiku

Ni kawaida kaka. Iandike kwenye daftari na jumanne nayo iandike, ijumaa umwonyeshe daktari zote mbili.